Mlango wa uPVC ukigoma, ujaribu ukiwa wazi kabla hujanunua kitasa

Nawaandikia wenzangu wa pwani, kuanzia Kilwa hadi Msimbati, mliojenga au mliopanga nyumba zenye milango na madirisha meupe ya uPVC, ile plastiki ngumu. Milango hii ni mizuri. Mchwa hawaigusi, haivimbi masika, haihitaji kupakwa rangi kila baada ya kusi. Lakini ikianza kugoma, mafundi wengi wa huku huishughulikia kama mlango wa mbao wenye kitasa cha kawaida, na hapo ndipo fedha zinapopotea na nyumba inapobaki bila usalama.

Kama una haraka, chukua hili moja. Mlango wa uPVC ukiwa mgumu kufunga, ufungue wazi kabisa, kisha nyanyua mkono wa kitasa na uzungushe ufunguo mlango ukiwa haujagusa fremu. Ukikubali bila shida, kitasa ni kizima na mlango wenyewe ndio umeshuka au umehama. Ukiwa mgumu hata hapo, ndipo ukiangalie kitasa. Kumbuka kuurudisha mkono chini kabla ya kufunga, kulabu zisije zikagonga fremu. Jaribio hilo halina gharama yoyote, na hakuna aliyenionyesha mpaka siku mama yangu alipofungiwa ndani.

Nyumba yetu iko Shangani, Mtwara mjini, upande unaotazama bahari. Kaka yangu anaishi Uingereza, na mama alipostaafu akaamua kumjengea. Milango miwili ya nje na madirisha yote aliyanunua hukohuko, yakaja kwenye kontena pamoja na vyombo vya ndani. Miaka ya mwanzo tulikaa kwa raha. Unanyanyua mkono, unazungusha ufunguo, unalala.

Niwaeleze kwanza kilichomo ndani ya mlango wa namna hii, maana usipokielewa huwezi kumsimamia fundi. Ukiutazama ubavuni utaona utepe mrefu wa chuma unaoanzia karibu na juu hadi karibu na chini. Kwenye utepe huo kuna kulabu, rola na ulimi wa kawaida wa kitasa. Katikati, ndani ya plastiki, kumejificha kisanduku kidogo ambacho ni giaboksi. Kijiti cha chuma cha pembe nne, kwa kawaida cha milimita 8, hutoka mkono wa nje, hupita ndani ya giaboksi na kutokea mkono wa ndani. Ukinyanyua mkono, giaboksi husukuma kulabu na rola ziingie kwenye vibati vilivyo kwenye fremu, juu, katikati na chini kwa wakati mmoja. Silinda, pale unapoingiza ufunguo, kazi yake ni kuzuia mambo yote hayo yasirudi nyuma. Kwa hiyo nguvu ya kufunga mlango inatoka kwenye mkono wako na kupitia giaboksi. Kulabu zikikutana na kizuizi, nguvu unayoongeza haiendi kuondoa kizuizi. Inaishia kwenye kipande kidogo kilichoshika kile kijiti, na siku moja kipande hicho kinapasuka.

Kwetu dalili zilianza polepole. Alfajiri mlango ulifunga vizuri. Ikifika saa nne asubuhi ilibidi uusukume kwa goti ndipo mkono unyanyuke. Jioni ukawa mwepesi tena. Mama alikuwa akisema mlango unachoka na jua kama watu, nasi tukaona ni maneno tu, kumbe alikuwa ameshagusa penyewe. Plastiki hii hurefuka kwa joto. Joto likipanda nyuzi 20 za Selsiasi, kila mita ya uPVC hurefuka karibu milimita moja na nusu, kwa hiyo mlango wa mita mbili hupata karibu milimita tatu. Chuma kinachowekwa ndani ya fremu hupunguza urefukaji huo, hakiuondoi. Mlango uliopangwa vizuri una nafasi ya kumeza milimita hizo. Mlango ulioshuka hauna. Wetu unatazama mashariki, jua linaupiga tangu linapochomoza baharini. Wenye milango ya rangi ya kahawia au kijivu hali huwa ngumu zaidi, maana rangi nzito hunywa joto kuliko nyeupe. Basi mlango wako ukibadilika kwa saa, mgumu mchana na laini usiku, usikilaumu kitasa. Na fundi mwite saa ile ambayo mlango ni mgumu, auone ukiwa katika hali yake.

Fundi wetu wa kwanza alikuja jioni. Hakuufungua mlango kuujaribu ukiwa wazi. Alimimina mafuta ya kula kwenye tundu la ufunguo, akasema silinda imechoka, akatuuzia nyingine kwa Sh 35,000. Alipoona kulabu ya chini bado inakwaruza kibati, akachukua tupa akapanua tundu la kibati. Mlango ukafunga, tukashukuru, akalipwa na ya ufundi Sh 20,000.

Mambo yote matatu yalikuwa na madhara, na nimeshayaona kwenye nyumba nyingine tatu nne za mtaani kwetu. Mafuta ya kula ndani ya silinda huganda, yakashika vumbi na chumvi, na baada ya muda vile vipini vidogo vya ndani havishuki tena. Silinda inataka kitu kikavu, unga wa grafiti. Ukikosa wa dukani, kwaruza risasi ya penseli, paka unga wake kwenye ufunguo, ingiza na utoe mara kadhaa. Mafuta ya cherehani au grisi nyepesi ni ya kulabu, rola na ulimi, si ya tundu la ufunguo.

Silinda aliyotuwekea ilikuwa ndefu kuliko mlango, ikachomoza nje karibu upana wa kidole. Hilo ni hatari ambayo watu hawaijui. Silinda inayochomoza nje ya bamba la mkono zaidi ya milimita 3 inampa mwizi mahali pa kushika na kuivunja. Silinda hupimwa kutoka katikati ya tundu la skrubu yake hadi kila ncha, ndiyo maana utasikia 35/45 au 40/50. Namba ya kwanza na ya pili ni pande mbili za mlango, na hazilazimiki kulingana. Ukienda dukani na kipimo cha urefu mzima peke yake unaweza kupewa 45/45 wakati mlango wako ni 40/50, na itachomoza upande mmoja huku ikizama upande wa pili.

Na kibati kilichopanuliwa kwa tupa kinabaki na chuma chembamba cha kushika kulabu, huku mlango ukiendelea kushuka ulivyokuwa ukishuka.

Fundi huyohuyo alikuwa ameupiga skrubu mlango wetu wa uani, ukafungwa moja kwa moja, kwa kuwa kitasa chake kilishakufa na vipuri havikuwapo. Madirisha yetu yote yana nondo. Hivyo nyumba ikabaki na mlango mmoja wa kutokea. Nikikumbuka sasa moyo unanienda mbio.

Ilikuwa mwishoni mwa Aprili 2024. Mvua ilikuwa imekatika siku hiyo na jua likawaka kwelikweli. Nilitoka kazini mchana, nikabisha hodi. Mama alikuwa amefunga kwa ndani kwa kunyanyua mkono tu, bila ufunguo. Akaushusha afungue, ukakataa. Akatia nguvu, ukatoa mlio mkavu, kisha mkono ukalegea ukaning'inia. Nikajaribu wa nje, nao ukazunguka mtupu.

"Mama, umeumia?"

"Sijaumia mwanangu. Mlango ndio umekufa."

Mama ana kisukari na presha. Dawa zake zilikuwa ndani pamoja naye, hilo lilinipa nafuu. Nikamwambia azime jiko kwanza, kisha aje akae karibu na dirisha la sebuleni nimwone. Nilijitahidi sauti yangu isitetemeke lakini nilikuwa nimeogopa sana, kwa sababu nilijua hakuna njia nyingine ya kumtoa. Watu wakakusanyika. Kijana mmoja akaja na jiwe avunje kioo cha mlango. Vioo vya milango hii viwili viwili, vimepachikwa pamoja, na vingemwangukia mama ndani. Nikamzuia.

Aliyetuokoa ni mzee wa jirani, fundi wa mashua, mtu wa Mikindani. Hajawahi kufunga mlango wa uPVC hata mmoja, lakini mbao na uzito anavijua. Akasema, "Tulia, mwanangu. Usivute." Akainama akatazama pengo kati ya mlango na fremu, pande zote nne. Juu, upande wa kitasa, pengo lilikuwa pana. Chini, upande uleule, mlango umekalia kizingiti kabisa. "Huu umeshuka. Kitasa kimebeba mzigo usio wake."

Akaenda kwake, akarudi na kabari nyembamba ya mninga na nyundo ya mbao. Wakati anaipachika chini ya kona ya upande wa kitasa, mimi nikampitishia mama bisibisi na plaizi kwenye nondo. Skrubu za mkono wa kitasa huwa upande wa ndani, moja juu na moja chini, na aliyeko ndani anaweza kuzifungua. Mama akazifungua polepole, akautoa mkono, kile kijiti cha pembe nne kikabaki kimechomoza. Mzee akagonga kabari kidogo kidogo, mlango ukapanda kiasi cha unene wa sarafu. Mimi nikawa nauvuta kuja nje ili raba zisizibane kulabu. Mama akakishika kijiti kwa plaizi, akazungusha. Kipande kilichopasuka ndani ya giaboksi kilikuwa hakiwezi tena kusukuma mzigo, lakini mzigo ulipoondolewa kikaweza kuzungusha kulabu tupu. Zikaachia. Mama akatoka akakaa barazani, nami nikakaa chini miguuni pake, nikalia.

Kama yakikukuta, fuata mpango huo: ondoa mzigo kwanza, kisha zungusha. Kuvuta kwa nguvu mlango ukiwa umebanwa kunamalizia kuvunja kilichobaki. Na kama wewe ndiye mwenye nyumba, hakikisha leo kwamba kuna njia ya pili ya kutokea, na kwamba walau dirisha moja lina nondo za kufunguka, na ufunguo wake umetundikwa mahali ambapo hata mtoto anapajua.

Usiku ule mzee alitutengenezea komeo la mbao kwa ndani, la kuteleza, mfano wa yale ya milango ya zamani ya Mikindani. Lilitulinda kwa muda mrefu kuliko tulivyotarajia.

Nilimpigia kaka kwa video. Akamwita jirani yake huko ambaye ni fundi wa vitasa, na yule bwana akanielekeza hatua kwa hatua mpaka nikatoa kila kitu mwenyewe. Kwanza ni silinda. Ubavuni mwa mlango, usawa wa tundu la ufunguo, kuna skrubu ndefu moja. Hiyo ndiyo inayoishika. Ifungue, ingiza ufunguo, uzungushe kidogo tu, kama dakika mbili za saa, ili kile kijino cha katikati kilale sawa na mwili wa silinda, kisha vuta. Watu wengi hutoa skrubu wakavuta bila kuzungusha, silinda ikagoma, wakachukua nyundo. Baada ya silinda ni mikono, kisha skrubu zote za utepe, na utepe unatoka mzima na giaboksi yake.

Vipimo ndivyo vitakavyoamua kama fedha yako itafanya kazi. Pima kutoka katikati ya tundu la kijiti hadi katikati ya tundu la ufunguo: kwetu ilikuwa milimita 92, kipimo cha kawaida sana kwa milango ya Uingereza, lakini ipo ya 85, 70, 68 na mingine. Pima kutoka uso wa utepe kuingia ndani hadi katikati ya tundu la kijiti: kwetu 35. Kisha unene wa kijiti. Kisha kwa ajili ya mikono, umbali kati ya skrubu ya juu na ya chini ya bamba. Jina la kiwanda mara nyingi limegongwa kwenye utepe au kwenye giaboksi yenyewe. Lisafishe kwa mswaki ulisome. Viwanda vingi huuza giaboksi peke yake, kwa hiyo huna haja ya kununua utepe mzima kama kulabu na rola bado ni nzima. Piga picha ya kila kitu pembeni ya rula.

Maduka ya vifaa ya Mtwara sikupata kitu. Nikatuma picha na vipimo kwa muuzaji mmoja wa Gerezani, Kariakoo, akasema anayo, nikalipa kwa simu Sh 90,000, akaipakia basi. Wiki ileile Kimbunga Hidaya kikaingia pwani yetu, tarehe 4 Mei 2024, na barabara ya Dar es Salaam kuja Lindi ikakatika sehemu kadhaa wilayani Kilwa. Mabasi yakakwama na kifurushi chetu kikakwama. Upepo na mvua vilipokuwa vinapiga usiku, sisi tulikuwa na komeo la mninga tu. Kifurushi kilipofika nikakipima hapohapo stendi: 85. Muuzaji alikubali kuirudisha, ila nauli za kwenda na kurudi zilikuwa juu yangu. Tangu hapo simlipi mtu mpaka anitumie picha ya kipuri chake kimewekewa rula, katikati kwa katikati. Giaboksi sahihi hatimaye ililetwa na ndugu aliyekuwa anarudi kutoka Uingereza, pamoja na silinda na mikono miwili ya chuma cha pua.

Hapa watu wengi wangeipachika na kufurahi. Lakini giaboksi mpya kwenye mlango ulioshuka itapasuka kama ile ya kwanza. Ilibidi tuuinue mlango kwanza, na kazi hiyo niliifanya na yule mzee, yeye akiwa na pima maji yake.

Bawaba za milango hii zina skrubu za kurekebisha, zimefichwa chini ya vifuniko vidogo vya plastiki. Hufunguliwa kwa spana ya aleni. Moja hupandisha na kushusha mlango, nyingine husogeza kushoto na kulia. Zungusha robo tu, tena kwa bawaba zote sawasawa, halafu funga ujaribu. Bawaba moja ikipandishwa peke yake, itabeba mlango mzima. Kwetu bawaba zilitupa sehemu tu ya tulichohitaji. Kilichobaki kilikuwa ndani ya kioo.

Jambo hili la kioo sikuwahi kulisikia, na nadhani ndilo linaloangusha milango mingi ya huku. Fremu ya mlango wa plastiki haiwezi kujibeba yenyewe mraba; kioo ndicho kinachoufanya usimame. Vipande vidogo vya plastiki ngumu huwekwa kati ya ukingo wa kioo na fremu, kimoja kona ya chini upande wa bawaba, kingine kona ya juu upande wa kitasa. Hapo kioo kinakuwa mwega wa mshazari, kinausukuma mlango juu upande wa kitasa na kutua uzito wake kwenye bawaba. Vipande hivyo visipowekwa, au vikiteleza, mlango hulala upande wa kitasa. Tulipotoa vibanzi vinavyoshika kioo tukakuta kipande kimoja kimedondoka chini kabisa. Huenda kilitoka safarini, huenda kilitoka siku ya kufunga.

Ukitaka kuifanya kazi hii, muwe wawili, kioo ni kizito. Anza na kibanzi kirefu, katikati yake, kwa kisu chembamba cha kukwangulia rangi. Katikati ndipo kinapopinda. Andika kila kibanzi kilikotoka. Usitumie mbao wala kadibodi badala ya plastiki, mbao hunywa maji na kuvimba, kadibodi hulegea. Sisi tulikata vipande vya plastiki ngumu ya unene tofauti, milimita moja, mbili na tatu, tukaongeza mpaka pengo likawa sawa pande zote. Usibane kupita kiasi, kioo kinapasuka.

Kisha tukapaka wanja wa mama kwenye kulabu na rola, tukafunga, tukafungua. Alama za wanja kwenye vibati zikatuonyesha kulabu zinagusa wapi. Kibati cha chini kilichopanuliwa kwa tupa tulikibadilisha, na vingine tukavisogeza kidogo. Ndipo giaboksi mpya ikaingia. Kabla ya kukaza skrubu za mikono, jaribu mara kadhaa mlango ukiwa wazi. Skrubu zikikazwa mno, bamba hubana kijiti na mkono hautarudi vizuri, ukadhani umenunua kibovu.

Silinda safari hii tulichagua yenye kitufe cha kuzungusha kwa ndani badala ya tundu la ufunguo. Mama hahitaji kutafuta ufunguo gizani ili atoke. Kwa nyumba yenye mzee au watoto hili nalihimiza kuliko kitu kingine chochote kwenye simulizi hii. Kama kioo chako kiko karibu na kitasa, hakikisha kiko imara au kina nondo, mtu asije akavunja na kuzungusha kitufe.

Mkono unaoning'inia si lazima uwe giaboksi iliyokufa. Ukining'inia kidogo lakini bado unafungua na kufunga, ni springi iliyochoka, ya kwenye mkono au ya ndani ya giaboksi. Ukizunguka mtupu, kitoe kijiti ukiangalie. Kikiwa kimelika pembe zake, badilisha kijiti tu, ni kitu kidogo. Kikiwa kizima, giaboksi ndiyo imepasuka.

Madirisha yalinisumbua kidogo tu. Mengi yalikuwa magumu kwa sababu mikono ya chuma inayoyashikilia pembeni, ile inayoteleza, ilijaa mchanga na chumvi. Safisha reli yake kwa mswaki na maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kausha, tia tone la mafuta kwenye viungo. Dirisha likifunguka lenyewe kwa upepo, kaza ile skrubu ndogo ya kwenye kiteleza. Dirisha likilala upande mmoja, angalia skrubu zilizoshika mikono hiyo. Mara nyingi tundu limetanuka kwenye plastiki, na skrubu nene kidogo ya chuma cha pua inatosha. Ikibidi kununua mpya, pima urefu wa reli, huuzwa kwa inchi, na upime pia kina chake, milimita 13 au 17, la sivyo dirisha halitakaa kwenye raba. Vishikio vya kufungia madirisha vina kijiti cha milimita 7, si 8, na urefu wa kijiti hutofautiana, kwa hiyo nenda dukani na cha zamani mkononi.

Chumvi ndiyo adui wa kila siku. Mikono yetu ya kwanza ilikuwa ya aloi ya zinki iliyopakwa rangi ya kung'aa; ndani ya miaka michache ikatoka mapele na malengelenge. Karibu na bahari tafuta chuma cha pua cha daraja la 316. Kile cha 304 nacho hushika madoa ya kutu kwa upepo wetu wa kusi. Na chochote ulichonacho, kisuuze kwa maji baridi yasiyo ya kisima cha chumvi, mara moja kwa mwezi, kuanzia mikono hadi utepe wa ubavuni, kisha kifute na kukipaka grisi nyepesi. Mama amejiwekea kazi hiyo Ijumaa ya kwanza ya mwezi, kabla ya kwenda kuoga.

Kwa upande wa fedha, silinda ya kwanza na ufundi wake zilikuwa Sh 55,000 zilizopotea, nauli za kile kifurushi Sh 24,000, na vitu vilivyotoka Uingereza kaka alilipa pauni 70 hivi. Mzee alikataa ujira. Tulimpelekea kilo kumi za mchele na korosho. Fundi mwingine alikuwa ameshatuandikia Sh 650,000 kuung'oa mlango na kuweka wa mninga.

Mlango wa uani nao tumeshautoa skrubu. Giaboksi yake ni ya kiwanda kingine, kipimo ni hichohicho cha 92 ila ndani ni 28 badala ya 35, na bado naitafuta. Kwa sasa una komeo kwa ndani, unafunguka kwa mkono mmoja, na kila jioni kabla ya Magharibi naufungua na kuufunga kuhakikisha haujabana.